Skrini Huondoka Bila Kuaga

Ninyi mnaokuja kwangu hapa Atlabara, mjini Juba, kila Jumamosi na kompyuta zenu mapajani, mkaketi chini ya feni inayozunguka kama mtu anayekumbuka jambo na kulisahau tena, mmeniuliza mara nyingi kwa nini niliacha kuandika programu za simu ilhali nywele zangu hazijawa nyeupe zote. Katika kazi yetu mtu huzeeka mapema. Seremala wa miaka arobaini na minane ndiyo kwanza mkono wake umeanza kuaminika. Mwandishi wa programu wa umri huo huamka asubuhi akakuta lugha aliyoijua imebadilishwa akiwa usingizini. Macho yangu yalichoka kabla ya vidole. Nilipoona nasoma kosa lile lile mara tatu bila kuliona, niliwaachia wengine kiti.

Kwa miaka yote ile kuna jambo moja tu nililolijua vizuri, na hata hilo nililijua kwa kuchelewa. Nilijua kinachoipata skrini pale mwenyewe anapoacha kuitazama.

Mtaliona kuwa ni jambo dogo. Skrini iliyo mbele ya macho ni rahisi; yeyote kati yenu anaweza kuijenga kwa juma moja, ikapendeza, ikang'aa. Lakini simu ya Juba haikai mbele ya macho. Mtu ana laini mbili kwa sababu mtandao huu haufiki kwa shangazi na ule haufiki kazini. Ana chaji ya kufika saa tisa alasiri, ikiwa Mungu amependa. Yumo katikati ya kuandika, simu inaita; anapokea, anazungumza, anatafuta picha ya kumwonyesha aliyepiga, anawasha tochi kutazama chini ya kitanda, anasahau alikuwa anaandika nini. Muda wote huo programu yako iko wapi? Iko nyuma. Haionekani, haiguswi, inangoja. Mara nyingi nimeiwaza kama chumba ambacho mwenyewe ametoka mara moja kumpokea mgeni: taa inawaka, kiti kimesogezwa, kitabu kimeachwa wazi. Swali la kazi yetu ni hili: akirudi, atakuta nini?

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii niliamini kwamba skrini ina maisha kama ya mtu mwenye bahati. Inazaliwa, inaonekana, inashughulikiwa, inapumzika, inasimama, kisha inakufa kitandani mwake ikiwa imezungukwa na jamaa. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa chuoni Nairobi, kwa mchoro wa ngazi, na kila kidato cha ngazi kina mahali pa kuandika maagizo: ukizaliwa fanya hili, ukipumzika fanya lile, ukifa fanya lile jingine. Mimi, kwa sababu nilikuwa kijana mwenye heshima nyingi kwa mambo ya mwisho, niliweka agizo la kuhifadhi kwenye kidato cha mwisho kabisa. Skrini ikiaga, ihifadhi kila kitu. Niliona ndiyo adabu. Nikajaribu: nikabonyeza kitufe cha kurudi, skrini ikaaga vizuri, kila kitu kikahifadhiwa. Nikalala usingizi mzuri kwa miaka miwili.

Ngoja nianze na aibu ndogo kabla ya kubwa.

Kanisa moja hapa mjini liliniomba programu ya nyimbo, na ndani yake kwaya yao yenyewe ikiwa imerekodiwa. Niliijenga kwa furaha. Nilichosahau ni kuiambia kwamba ikienda nyuma, inyamaze. Kiongozi wa kwaya, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, alikuwa akisikiliza wimbo wa harusi njiani. Akafika kwenye kilio cha jirani, akabonyeza skrini ikawa nyeusi, akatia simu mfukoni akidhani nyeusi maana yake kimya. Sehemu aliyokuwa amefika ilikuwa na kimya cha kupokezana sauti. Akaingia, akainama kumpa mkono mfiwa wa kwanza, na hapo ndipo sauti za kike zilipoanza kushangilia bibi arusi kutoka mfukoni mwake.

"Ustaz," aliniambia kesho yake, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma, "simu yako imeniaibisha."

Simu ilikuwa yake. Lakini alikuwa na haki. Tangu siku hiyo nimewafundisha wote waliofanya kazi nami: ulichokichukua ulipokuja mbele, kirudishe unapokwenda nyuma. Spika, maikrofoni, kamera, kile kinachotafuta mahali ulipo. Vitu hivyo ni viti vya wageni, hutoki navyo. Programu ya muziki ambayo kazi yake ni kuimba huku mtu akitembea, hiyo iombe ruhusa waziwazi, ionyeshe alama juu ya skrini kwamba bado inaimba, na iweke kitufe cha kuinyamazisha mahali ambapo kidole kilichotaharuki kinaweza kukipata.

Aibu ile ilipita, watu wakacheka, na mfiwa mwenyewe, naambiwa, alicheka wa kwanza. Ninayotaka kuwaeleza sasa haikuchekesha mtu.

Palikuwa na ofisi ndogo, sitaitaja, iliyowatafuta jamaa waliopotezana wakati wa vita. Niliwajengea fomu ya simu. Mwenzangu aliyepita nayo nyumba kwa nyumba alikuwa Suzan, binti wa hapa aliyekulia Kenya kama mimi, mwenye maneno ya haraka na miguu isiyochoka. Aliwaketisha watu, akawauliza, akaandika: nani alipotea, mlitengana wapi, ana alama gani mwilini, nyumbani mlimwita nani. Kila mwisho wa juma la nne orodha ilipelekwa kwenye kambi za Kenya, ikasomwa huko kwa sauti mbele ya watu. Jina lisilokuwemo kwenye orodha halikusomwa.

Jumatatu moja ya juma la safari ya orodha, Suzan aliingia ofisini kwangu akaweka simu mezani kama mtu anayeweka kitu kilichovunjika.

"Bosi, fomu imepotea. Yote. Nimebaki na nyeupe tu."

"Umebonyeza nini?"

"Sijabonyeza kitu. Mama mkwe alipiga, nikaongea naye, nikarudi, nikapata hakuna."

"Suzan, fomu haipotei kwa sababu ya mama mkwe."

"Wewe hujui huyo wangu," alisema, lakini hakucheka.

Niandike wazi: nilimlaumu yeye. Nilichukua simu yangu, nikampigia, akapokea, nikasema "Sema, unanisikia? Sawa," nikakata. Fomu ya majaribio ilikuwa pale pale, haijapungua herufi. Nikamwonyesha kwa kidole, kwa ule utulivu mbaya wa mtu aliyesoma. Suzan akaitia simu mfukoni. Kisha akasema, "Basi twende wewe mwenyewe umwambie."

Aliyekuwa akisubiri kuambiwa ni Mama Keji, anayeuza chai Nyakuron, kando ya mstari wa vibanda vya washonaji. Alikuwa mkimbizi Uganda kwa miaka mingi, na Kiswahili chake ni cha huko, kimechanganyika na Kiarabu cha Juba. Alikuwa amekaa nyuma ya jiko lake la mkaa, magilasi yamepangwa kwenye sinia, na alitusikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Kalas, imekwisha," alisema. "Mimi nasema mara moja. Miaka yote mimi hapana sema hata kwa mume yangu. Huyu msichana nakuja, anakaa vizuri, mimi nasema yote. Njia ile tulikimbia. Mkono yake niliachia. Yote."

"Malesh, pole sana, mama," nikamwambia. "Tutaandika tena sasa hivi."

Hapo ndipo aliponitazama.

"Ustaz, ndugu yangu napotea mara ya kwanza kwa vita. Mara ya pili napotea ndani ya simu yako. Wewe nataka mimi nampoteza mara ya tatu?"

Akamimina chai ya mteja mwingine. Suzan alinivuta shati. Ilikuwa Jumatatu alasiri na orodha ilikuwa inaondoka Ijumaa asubuhi.

Mpaka leo, nikilala mchana wakati wa joto, jenereta za jirani zikivuma kama mvua inayonyesha mbali, huiona fomu ile ndotoni. Nyeupe, yenye mistari, na chini ya kila mstari kitu kinapumua. Siioni kama karatasi tupu. Naiona kama nyumba ambayo watu wamehama wakapaka chokaa.

Jumanne tulikwenda Hai Mauna kwa Salongo. Ni Mganda, fundi wa simu, na wateja wake humwita hivyo kwa kuwa ni baba wa mapacha. Kibanda chake kina paneli ya jua juu ya bati na simu za watu zimepangwa ukutani zikinywa chaji, kila moja na kipande cha plasta chenye jina. Ndiye aliyenifundisha zaidi ya chuo, ingawa hajawahi kuandika mstari mmoja wa programu. Zamani alinisuta: kila simu iliyoletwa kwake alizifunga programu zote kabla ya kuichomeka, na mimi nilimlalamikia kwamba anaziua programu zangu. "Mimi naua?" alisema. "Injinia, hii simu iko na kiti mbili tu. Wewe naleta watu kumi. Mwenye nyumba nafanya nini? Natoa wale naona wamelala."

Sikumsikiliza siku ile. Jumanne nilimweleza habari ya Suzan na jaribio langu la kupiga simu. Aliacha kuunga waya.

"Ulipiga, ukasema nini?"

Nikamrudia: sema, unanisikia, sawa.

Salongo alimtazama Suzan, wakaangua kicheko pamoja.

"Injinia, wewe nasalimia kama Mkenya! Hapa mtu nasalimia mpaka mbuzi. Suzan, fungua hiyo fomu. Mimi leo mama mkwe."

Akatoka nje ya kibanda, akapiga. Suzan alikuwa ameandika mistari minne. Akapokea, na salamu zikaanza, kwa Kiarabu cha Juba, kwa utaratibu unaostahili: ita kef, yaani u hali gani, na nyumbani kef, na watoto, na yule mgonjwa, na jirani wa yule mgonjwa, na mvua, na kanisani, na miguu ya bibi. Salongo alikuwa mama mkwe kamili. Alikohoa, aliguna, alilalamika kwamba hapigiwi. Kisha akadai picha ya mjukuu. Suzan, simu bado iko hewani, akafungua picha zake, akazipitisha moja moja mpaka akaipata, akaituma. "Huyu mtoto amekonda," alisema Salongo kule nje, na wateja wawili wakashika mbavu. Mwishowe wakaagana, na kuagana kwenyewe kukawa salamu ya pili.

Suzan akairudisha fomu. Skrini iliwaka nyeupe, ikazaliwa upya, haina hata herufi.

Hakuna aliyecheka tena.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na ninataka mlielewe jambo hili kwa sababu litawakuta. Simu ya bei nafuu ina kumbukumbu ndogo. Maongezi yanapokuwa marefu na picha zinafunguliwa, mfumo wa simu unahitaji nafasi, nao hutazama nyuma, ukaona programu iliyokaa bila kazi, ukaiondoa. Hauipitishi kwenye kidato cha mwisho. Haupigi hodi. Ile skrini iliyozungukwa na jamaa niliyoiwaza ujanani hufa kitandani pale tu mtu anapobonyeza kitufe cha kurudi, na mimi nilikuwa nimejaribu kifo hicho kimoja. Nilikulia katika nchi ambayo mtu hupiga simu kuuliza "uko wapi," nikarudi katika mji ambao kukatiza salamu ni kumtukana aliyekuzaa, na sikubadilisha majaribio yangu. Kosa lilikuwa langu tangu herufi ya kwanza. Nilimwambia Suzan hivyo, palepale, mbele ya simu zote zilizoning'inia.

"Sawa, bosi," alisema. "Lakini chai ya leo ni yako."

Mtadhani nikishajua ugonjwa niliijua dawa. La. Usiku ule niliandika kisanduku chekundu: *Usipokee simu wakati unajaza fomu.* Nilikiona kizuri. Kumbe ndivyo tunavyofanya wengi wetu. Tukishindwa kuibadilisha programu, tunawaamuru watu wabadilike.

Jumatano nilikwenda Nyakuron peke yangu, bila simu mkononi. Niliagiza chai. Mama Keji alinihudumia kama mteja yeyote, na sikusema neno juu ya fomu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kwa saa mbili au tatu, sijui. Kulikuwa na wingu, mashine za washonaji zilikuwa zikienda na kusimama, na harufu ya tangawizi ilinilegeza mpaka nikawa kama niliyelala macho wazi. Labda ndiyo maana niliona. Mtu aliye macho sana haoni mikono ya watu.

Wateja walikuwa wengi na wote walikuwa na haraka. Mama Keji anaweka gilasi, kabla hajatia sukari anaitwa na mshonaji wa tatu. Anakwenda, anapokea agizo, anarudi, anaitwa tena na mwanamke wa vitenge. Sikumwona hata mara moja akimuuliza mtu, "Wewe nilikuwekea sukari?" Nikaanza kumfuata kwa macho. Kila alipoitwa, kabla hajageuza hata shingo, mkono wake ulifanya jambo moja dogo. Kama sukari haijatiwa, kijiko kililala juu ya mdomo wa gilasi. Kama imetiwa lakini haijakorogwa, kijiko kilisimama ndani. Gilasi lisilo na kijiko lilikuwa tayari. Ndipo alipogeuka na kusema, "Nakuja."

"Mama," nikasema, na nilisahau kwamba nilikuwa nimejiapiza kunyamaza, "kwa nini kijiko unakiweka kwanza? Mbona usijibu kwanza, ukirudi ndipo ukiweke?"

Aliniangalia kama mtu anayeulizwa kwa nini anafumba macho vumbi likija.

"Nikirudi?" alisema. "Nani nakuambia mimi narudi?"

Akachochea mkaa.

"Mimi iko barabara ya kwenda Uganda, tunakaa, tunakula. Watu wanapiga kelele, kimbieni. Mimi nasema kwa ndugu yangu, ngoja hapa, nachukua maji nakuja. Mimi nasema nakuja." Akapangusa gilasi. "Sasa kwanza naweka kijiko. Halafu naenda. Hata mimi hapana rudi, mtu mwingine nakuja hapa nakaa, naangalia gilasi, anajua."

Sikunywa tena. Nilimlipa, nikaondoka kwa miguu mpaka Atlabara, na njia nzima nilikuwa nikiyaona magilasi yale yamepangwa juu ya sinia, kila moja na habari yake, hakuna aliyeiweka kichwani.

Siku ile nilikifuta kisanduku chekundu. Niliivunja fomu nikaijenga upya kwa namna ya vijiko. Sikilizeni, maana hapa ndipo ujuzi wenyewe ulipo, na ni mfupi kuliko hadithi yake. Kila mtu anapotua baada ya herufi chache, zihifadhiwe papo hapo, kidogo kidogo, ndani ya simu yenyewe, wala si mtandaoni. Skrini inapopumzika, imalizie kilichobaki, kwa haraka, kwa sababu nyuma yake kuna skrini nyingine inasubiri kupita. Kazi nzito kama kutuma kwenye mtandao si ya mlangoni. Inapotoweka machoni, ijione kuwa imekwisha kufa; likitokea la kurudi, hilo ni zawadi. Na inapozaliwa, isidhani kamwe kwamba ni mara ya kwanza. Iulize kwanza: kuna gilasi lililoachwa hapa? Kijiko kimelalaje? Mtu alikuwa mstari wa ngapi, herufi ya ngapi? Nikaongeza pia pazia, ili habari za mtu zisionekane kwenye vile vijipicha vya programu zilizofunguliwa, maana simu za Juba hushikwa na mikono mingi na huzuni ya mtu si ya kuonyeshwa kila anayetafuta tochi.

Halafu nikawasha ile njia ya majaribio ambayo simu huua kila skrini mara tu unapoiacha. Ipo katika kila simu ya namna ile, imefichwa kwenye mipangilio ya mafundi, nami sikuwahi kuigusa kwa sababu ilinisumbua. Iwasheni siku ya kwanza ya kazi. Iwasumbue ninyi, isiwasumbue kina Mama Keji.

Mtaniuliza mwishoni kama ndugu yake alipatikana, na nisingependa msome kwa kuvizia. Hajapatikana. Orodha imesomwa mara nyingi kambini na bado inasomwa. Ninayowaeleza ni habari ya jina lake kuwemo.

Alhamisi alasiri nilirudi Nyakuron na Suzan. Simu ilikuwa ile ile. Suzan alitaka kuzungumza, nilimzuia. Nilimwambia Mama Keji: "Jana ulinifundisha kijiko. Nimeiwekea simu hii vijiko. Sikuombi useme. Nimekuja kukuambia tu kwamba sasa ipo."

Aliendelea kupangusa sinia. Akamhudumia mshonaji mmoja, akamhudumia wa pili. Kisha akavuta kigoda, akakaa mbele ya Suzan, akaanza. Hakuanza pale alipoanzia Jumatatu. Alianza na alama: kovu la jembe mguuni. Akasema walivyomwita nyumbani. Akasema mahali, na njia, na maji. Mteja alipoita, aliinuka, akahudumia, akarudi pale pale alipoachia, na Suzan aliandika bila kuinua kichwa. Jina lenyewe alilibakiza mwisho. Ni jina refu, la kwake na la baba yao na la babu, sitaliandika hapa. Alikuwa amefika katikati yake simu ilipoita.

Suzan aliitazama skrini, akanitazama mimi.

"Ni nani?" aliuliza Mama Keji.

"Mama mkwe," alisema Suzan, karibu kwa kunong'ona. "Nitakata. Nitampigia baadaye."

"Wewe nakata mama mkwe?" Mama Keji alichukua gilasi lililokuwa mbele yake, lenye chai, bila sukari. Akalaza kijiko juu ya mdomo wake. "Jibu. Jibu vizuri."

Suzan akajibu. Nyumbani kef, watoto kef, miguu kef. Nilihesabu mashine za kushona kwa masikio nikazisahau. Mkaa ulivaa jivu. Na kama ilivyoandikwa katika maisha ya Suzan, mama mkwe aliomba picha ya mjukuu, na Suzan akafungua picha zake, akatafuta, akatuma. Mama Keji hakuyaondoa macho yake kwenye gilasi. Mimi sikuyaondoa yangu kwenye simu. Walipoagana, mara ya kwanza na ya pili, Suzan aliigusa fomu kuirudisha mbele.

Skrini ikawaka nyeupe.

Ilikuwa nyeupe kwa muda ambao mtu anaweza kuvuta pumzi moja. Naujua muda huo, niliupima ofisini, lakini pale Nyakuron ulikuwa mrefu kuliko miaka yangu yote ya kazi. Kisha mistari ikajitokeza, mmoja baada ya mwingine: kovu, njia, maji. Chini kabisa, nusu ya jina, na kando yake kile kijiti kinachopepesa kikingoja.

Mama Keji hajui kusoma. "Soma," alimwambia Suzan.

Suzan akasoma kwa sauti ile nusu, akakomea pale lilipokomea.

"Bado iko," alisema Mama Keji.

Akainua kijiko kutoka juu ya gilasi, akatia sukari, akakoroga, akanipa. Kisha akamgeukia Suzan na kulimalizia jina la ndugu yake, polepole, ili mkono uweze kumfuata.